Kifuniko Cheupe

Kwetu Mumbuni, mtu mwenye ng'ombe wawili hanunui mkebe mzima wa dawa ya kupe. Tunachanga akina mama sita, Kitheka jirani yangu anaenda dukani kuchukua mkebe mmoja, halafu kila mmoja anafika kwake na chupa yake kupimiwa. Chupa ni yoyote ile, ya soda, ya maji, ya juisi. Ukishapimiwa, unafunga kitambaa chekundu shingoni mwa chupa na kuiweka juu stoo. Hata mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua kwamba chenye kitambaa chekundu hakiguswi.

Tafadhali usiniulize kwa nini hatutumii chombo kingine. Nimeulizwa na polisi, nimeulizwa na daktari, nimeulizwa na mwanahabari mmoja aliyekuja na viatu vyeupe akakanyaga mavi ya ng'ombe. Ndivyo tulivyozoea. Sina jibu lingine, na hilo lenyewe linaniudhi kuliko linavyowaudhi wao.

Chupa yangu mimi ilikuwa ya Kimondo, kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho vijana wanakibugia siku hizi. Ni chupa nyeusi tititi, huoni kilichomo ndani. Niliiokota kando ya barabara. Kifuniko chake cha kijani kilikuwa kimepotea, nikaifunga kwa kifuniko cheupe cha chupa ya maji.

Jumamosi hiyo, saa saba na nusu mchana, nilienda stoo kuchukua dawa ili niwapulizie ng'ombe. Kitambaa chekundu kilikuwepo. Ila hakikuwa shingoni mwa chupa nyeusi. Kilikuwa kimefungwa kwenye mkono wa kijerikeni kidogo cha mafuta ya kupikia, kimefungwa vizuri, mafundo mawili, vile ninavyofunga mimi. Nikafungua, nikanusa. Dawa ilikuwa mle. Chupa nyeusi haikuwepo popote.

Nje ya mlango wa stoo, kwenye saruji, palikuwa na alama nyeupe ndogo ya maji yaliyokauka. Dawa ile ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Alama yenyewe ilikuwa ndogo, sawa na kikombe kimoja cha maji. Nilipoiona nilielewa yote mara moja.

Nieleze. Wiki mbili kabla, walikuja watu wa Kimondo shuleni kwa akina Kalondu. Kalondu ni binti yangu, ana miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Sita. Walisimama mbele ya gwaride wakatangaza kwamba Vanny Koko atakuja Machakos kuimbia wanafunzi, na kiingilio si pesa, ni chupa tatu tupu za Kimondo. Mbili unaziacha mlangoni, ya tatu unaingia nayo na unajaziwa bure. Walisema ni kampeni ya usafi, watoto waokote taka. Mwalimu mkuu akapiga makofi. Nani atakataa usafi?

Kalondu alikuja nyumbani akiruka ruka. Vanny Koko huyo, picha yake ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa chumba chake kwa uji wa unga. Akazunguka vichakani siku kumi, akapata chupa mbili tu, kwa sababu watoto wa Machakos nzima walikuwa vichakani. Akaniomba nimnunulie moja. Nikachukua chupa moja aliyookota nikamsomea kwa sauti yale maandishi madogo ya nyuma, kwamba haifai kwa walio chini ya miaka kumi na minane.

"Mama, kwani nimesema nitakunywa? Ni chupa nataka," alisema.

"Sinunui sumu mimi," nilimjibu. Neno hilo nililitumia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Na asubuhi hiyo ya Jumamosi nilikuwa nimemgombeza kwa kumwaga maji. Ni kiangazi, maji tunaletewa na punda na tunayanunua. Nilimwambia maji si ya kuchezea. Basi mtoto wangu alipohitaji kuosha chupa ya dawa ya kupe, aliiosha kwa kikombe kimoja. Alinitii. Akahamisha dawa, akahamisha na kitambaa chekundu, kwa sababu nilimfundisha kwamba kitambaa kinakaa pale ilipo sumu. Kisha akaenda kuona mwimbaji.

Nikampigia Mwalimu Ndunda, aliyewapeleka wanafunzi uwanjani. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Kelele za muziki zilikuwa zinasikika hadi kwetu upande wa pili wa mji, huyo mwalimu angesikia simu wapi?

Nilitoka mbio na leso ya jikoni nikamkuta Mutua na pikipiki yake pale kwenye kibao cha kanisa. Nikamwambia mtoto wangu amebeba sumu. Hakuuliza neno la pili. Njiani nilikuwa nikiomba kwa sauti, na nilichokuwa nikiomba ni hiki kimoja: foleni ya kujaziwa iwe ndefu.

Langoni mwa uwanja alisimama askari wa kampuni, kijana, fulana ya kijani.

"Mathe, hii ni ya watoto," alisema. "Wazazi ni huko nje kwa tenti."

"Mtoto wangu ako ndani na chupa iko na dawa ya ng'ombe. Akikunywa atakufa. Nifungulie."

"Kila mzazi ako na story leo. Bila chupa huingii, hiyo ndio order."

Kando yake palikuwa na magunia ya chupa tupu, yamerundikwa hadi kifuani. Sijui hasira ilinipa akili gani. Nilizamisha mkono gunia la kwanza, nikachomoa chupa tatu, nikamwekea mbili mezani pake, ya tatu nikaishika. Akaziangalia. Akaniangalia. Halafu, haki ya Mungu, akanigonga muhuri mkononi na kunifungulia. Kimondo kidogo cha kijani chenye mkia. Hakikutoka siku tatu.

Ndani walikuwa watoto elfu nne. Najua idadi kwa sababu waliitangaza wakijisifu. Nyuma ya magoli kulikuwa na mahema manne yenye matangi ya bomba, na wasichana wa kampuni walikuwa wakijaza chupa moja baada ya nyingine. Foleni ilikuwa imekwisha nusu. Nikaanza kupita katikati ya watoto nikiwanyang'anya chupa mkononi na kutazama vifuniko. Kijani. Kijani. Kijani. Nilikuwa nikiita "Kalondu! Kalondu wa Masila!" na muziki ulikuwa unanimeza sauti. Watoto wakaanza kupiga mayowe kwamba kuna mama wazimu anaiba vinywaji. Walinzi wawili wakanishika mikono, wakaniburuta nyuma ya jukwaa.

Pale nyuma nilimkuta msichana mmoja wa kampuni, simu mbili mkononi, jina lake likining'inia shingoni: Peris. Alikuwa Mkamba mwenzangu, maana aliponiona machozi aliniita mwaitu, kama mtu anayemwita mama yake.

"Mwaitu, tulia kwanza. Pumua. Nini mbaya?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, chupa, dawa, kifuniko cheupe, kikombe kimoja cha maji. Alinisikiliza, siwezi kumsingizia. Uso wake ulibadilika.

"Uko sure hiyo chupa amekuja nayo?"

"Peris, mimi ni mama yake. Simamisha muziki. Huyo wa kushika maiki awaambie watoto wasikunywe. Maneno mawili tu. Msikunywe kwanza."

Akatazama jukwaani, akatazama simu yake. "Hiyo ndio siwezi, mwaitu. Tuko live. Kwa mkataba hakuna mtu anaweza sema 'msikunywe' kwa maiki. Si MC, si Vanny mwenyewe. Na ukisema sumu hapa, hawa watoto wote watakimbilia ile geti moja. Watakanyagana. Unataka hiyo?"

Kuhusu lango alisema kweli. Lilikuwa moja, na jembamba. Lakini macho yake yalikuwa kwenye simu aliposema hivyo, na nilijua lango ndilo alilolikumbuka mwisho.

Akampigia bosi wake. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ndiyo, bosi. Mmoja tu, bosi. Hapana, hajafikia waandishi. Kisha akakata na kuniambia wamepata njia: ataitwa kwa jina, aambiwe ameshinda zawadi. Aje mbele na chupa yake. Hakuna atakayejua.

MC alikuwa Ngui. Ngui huyu nilimfundisha Sunday school hapo Mumbuni, alikuwa mtoto wa kucheka cheka tu hata wakati wa sala. Peris alimnong'oneza. Ngui akanitazama kule chini nilikokuwa, akatikisa kichwa kunisalimu, akashika maiki.

"Kalondu! Kalondu Masila ako wapi? Umeshinda zawadi kubwa kutoka Kimondo! Kuja mbele na chupa yako!"

Sasa hebu fikiria. Sisi huwapa binti zetu majina ya nyanya zao, na nusu ya nyanya wa Machakos ni akina Kalondu. Wakaja. Walikuja Kalondu kumi na mmoja, na wengine ambao hawakuwa Kalondu kamwe ila waliitaka zawadi. Wakapanda ngazi wakisukumana, kila mmoja na chupa juu. Mmoja alikuwa akinywa huku akipanda. Nilipita mbele yao nikitazama vifuniko na nyuso. Kijani, kijani, kijani. Wangu hakuwepo.

Baadaye sana nilimuuliza Kalondu kama hakusikia jina lake. Alisikia. "Nilijua ni mwingine," aliniambia. "Mimi sijawahi shinda kitu."

Ikabidi wale kumi na mmoja wapewe fulana, kila mmoja, na kupigwa picha. Dakika saba zilipotea hapo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nikiuma leso. Nilitaka kumpokonya Ngui maiki. Nilipiga hatua, mlinzi akaniwekea mkono kifuani, na Peris akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwaitu, tafadhali, nitafutwa kazi," na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Ndipo nikaona kilichokuwa kinakuja. Kwenye ratiba iliyobandikwa nyuma ya jukwaa, saa nane na nusu, ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: KUNYWA PAMOJA. Vanny Koko atoke, watoto wote wainue chupa, wahesabiwe kutoka kumi hadi moja, wanywe kwa pamoja huku kamera ya kuruka ikipiga picha kutoka juu. Hiyo ndiyo picha ambayo kampuni iliitaka. Hiyo ndiyo sababu ya usafi wote ule.

Saa ya simu yangu ilisema nane na dakika ishirini na tano.

Nilimshika Ngui kwenye mkono wa koti lake alipokuja kunywa maji. "Ngui, mwanangu. Umeelewa nini kinaendelea?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Basi useme."

"Nikisema, watanizimia maiki kabla nimalize. Huyo jamaa wa mitambo ndiye wamemwambia." Akatazama uwanjani. "Ungekuwa juu ya jukwaa ungeiona hiyo chupa?"

"Kifuniko ni cheupe. Zingine zote ni kijani."

Akanishika kiwiko akanipandisha jukwaani, akanisimamisha kando ya spika, nyuma kidogo ya Vanny Koko, kijana mwembamba aliyekuwa akinukia marashi na ambaye hakujua lolote. Watoto walipomwona walipiga kelele hadi nikahisi meno yakitikisika. Ngui akaja mbele.

"Machakos! Funga kifuniko! Funga kabisa! Ukifungua kabla sijasema moja, uko nje! Haya, inua juu! Juu, juu, juu!"

Chupa elfu nne zikapanda juu. Nikaanza kutafuta. Nilitafuta kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, mstari kwa mstari, kutoka goli la kulia.

"Kumi!" wakaitikia. "Tisa!"

Kijani tu.

"Nane! Wacha, wacha, upande huu hamjainua. Hebu turudi. Kumi!"

Alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho. Akahesabu hadi sita, akasema sauti hazitoshi, akarudi kumi. Akahesabu kwa Kikamba, watoto wakacheka, akasema wamekosea, akaanza tena. Akamuuliza Vanny Koko kama anajua kuhesabu kwa Kikamba. Chini ya jukwaa Peris alikuwa akizungusha kidole hewani, maliza, maliza. Yule wa mitambo alikuwa amesimama. Ngui akafika tatu, akakohoa, akarudi tano. Hakuwahi kusema msinywe. Alikataa tu kufika moja.

Nikakiona. Upande wa kushoto, karibu na goli, mbele kabisa, kidoa kimoja cheupe.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka viatu vilibaki mahali, na watoto walinipisha kwa sababu nilikuwa nikinguruma. Nilifika karibu na goli, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Kalondu wangu, amesimama kwa vidole vya miguu, mkono juu, na mkononi mwake chupa imejaa, kifuniko kijani. Haijafunguliwa.

Nilianguka magoti nikamkumbatia kiunoni nikasema kwa sauti, "Asante Ngai! Asante Ngai wangu!" Nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu kuna mtu aliyesikia.

"Mama? Umekuja kuona Vanny?"

"Chupa yetu iko wapi?"

"Nimebadilishana na Wagaki. Walikuwa wananicheka juu ya hiyo kifuniko, ati tumeokota takataka. Wagaki akasema nimpe, yeye hajali."

Wagaki alikuwa kando yake. Ni binti wa Muringo, anayeuza nafaka pale sokoni, mtoto ambaye mama yake angemnunulia katoni nzima ya Kimondo asisikie uchungu. Marafiki tangu nasari. Alikuwa ameinua chupa yenye kifuniko cheupe kwa mkono wa kulia, akicheka kuelekea juu, kule kamera ilikokuwa ikinguruma. Nilipoichukua chupa mkononi mwake ilikuwa nyepesi. Nusu haikuwepo.

"Nilionja tu nikitoka kujaziwa, anti," alisema. "Nilikuwa na kiu. Ilikuwa inanuka kidogo lakini Kimondo hunuka hivyo." Jasho lilikuwa likimtiririka na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, akayafuta kwa kiganja, akaona aibu. "Tumbo inauma."

Nikambeba. Ana miaka kumi na miwili na si mwepesi, nikambeba. Ngui kule juu aliona. Nilimwona akifunga macho. Halafu akafanya kazi waliyomlipa kuifanya, kwa kuwa chupa ya sumu ilikuwa imeshapatikana na wengine hawakuwa na hatari, akasema, "Moja!" Watoto elfu nne wakafungua vifuniko wakanywa, na mimi nikapita katikati yao na mtoto wa mwenzangu begani akinitapikia mgongoni. Karatasi za kijani zilimwagika kutoka angani zikatuangukia. Peris alikuja mbio mbele yetu, amevua viatu, akisukuma watoto na kulia, na ndiye aliyelifungua gari la wagonjwa lililokuwa limeegeshwa kwa ajili ya Vanny Koko.

Hospitalini waliuliza dawa inaitwaje. Sikujua. Miaka sita naipulizia ng'ombe na sikujua jina lake, kwa sababu jina limeandikwa kwenye mkebe na mkebe unakaa kwa Kitheka. Nikampigia. Alikuwa shambani, ikabidi akimbie nyumbani, kisha hakuweza kulitamka, akanisomea herufi moja moja kwa simu na mimi nikawa namtajia muuguzi. Katikati ya herufi, Wagaki alianza kurusha rusha miguu. Nikamwambia Kitheka asome haraka na yeye akawa analia anasema, "Hii ni O ama ni Q, mama Kalondu? Hii ni O ama ni Q?"

Muringo alifika na vumbi la mahindi kwenye nywele. Hakuniuliza chochote siku hiyo.

Wagaki alilazwa siku tisa akatoka. Tulishukuru kanisani, tukachinja hata kuku. Wiki ya tatu miguu yake ikaanza kuwa mizito, akawa anajikwaa kwenye zulia. Halafu mikono. Daktari alisema sumu ya aina ile hufanya hivyo, hurudi mtu akiwa ameshapona, na kushika mishipa ya fahamu. Inaweza kuachilia. Inaweza isiachilie. Sasa kikombe anakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika, na kalamu haikai.

Kampuni ilileta barua. Ilisema chupa ilikuwa yangu, dawa ilikuwa yangu, mtoto aliyeileta alikuwa wangu, kinywaji chao kilipimwa na hakikuwa na kasoro, na kwamba wanatusikitikia. Kila mstari ulikuwa kweli. Walichokosa kuandika ni kwamba walikuja shuleni kwetu kuwatuma watoto wa watu wakatafute chupa, na kwamba niliomba maneno mawili kwenye maiki nikanyimwa. Ngui hajaitwa tena kazini tangu siku hiyo; walisema aliharibu hesabu.

Kalondu hulia usiku na mchana. "Lakini nilihamisha kitambaa, mama," ananiambia. "Nilihamisha kitambaa." Nami namwambia ndiyo, ulihamisha, ulifanya nilivyokufundisha. Kosa ni langu. Ametoa ile picha ya Vanny Koko mlangoni na rangi ikatoka na uji.

Mwezi uliofuata Muringo alinijia nyumbani. Alikataa kiti.

"Mbithe, nimeambiwa kitu nataka nisikie kwako. Ulipofika pale na kupata Kalondu hajakunywa, ulisema nini?"

Ningeweza kudanganya.

"Nilisema asante Mungu."

Alitikisa kichwa polepole. "Hata mimi ningesema," alisema. Akatazama stoo yangu. "Lakini siwezi kusahau." Kisha akaniomba niwe nampeleka Wagaki mazoezi hospitalini Jumanne na Alhamisi, kwa sababu hana mtu wa kumwachia duka. Nilikubali kabla hajamaliza. Angeniomba nimbebe mgongoni kila siku hadi Konza ningembeba.

Basi ilikuwa Alhamisi, wiki iliyopita, tukitoka mazoezi. Wagaki huegemea bega langu la kushoto, na Kalondu humshika upande wa pili. Tunatembea polepole, tunapumzika mara tatu. Tulipofika ile kona ya kuingia mjini tukakuta mafundi wanakunja kamba zao. Walikuwa wamemaliza kupandisha bango jipya, kubwa, la kuonekana kutoka mbali.

Ilikuwa ile picha. Mikono maelfu juu, kilima cha Kiima Kimwe kwa nyuma, na mbele kabisa, mkubwa kuliko wote, Wagaki. Amecheka meno yote nje. Mkono wake wa kulia umenyooka, umekaza, umeshika chupa. Chini wameandika: MACHAKOS, INUA JUU!

Mafundi wakaturushia salamu wakaondoka na ngazi yao. Nilitaka kumgeuza mtoto asione lakini alikuwa ameshaona, na alikuwa akiangalia kwa makini, kichwa kando, vile mtu anavyojiangalia kwenye picha ya darasa.

"Anti," alisema, "hiyo si ile."

"Si ile gani, mama?"

"Kifuniko. Yangu ilikuwa nyeupe."

Nikatazama. Kilikuwa kijani. Mtu fulani, ofisini mahali fulani, alikuwa ameketi mbele ya uso wa mtoto huyu, ameukuza, ameuangalia, akaona kifuniko kimoja cheupe kinaharibu picha. Akakipaka rangi.

"Ilikuwa nyeupe," nilimwambia. "Mimi nilikiona."

Wagaki akajaribu kuinua mkono anionyeshe mahali kilipo. Ulifika kwenye bega, ukatetemeka, ukarudi chini. Akajaribu tena. Kalondu akaushika chini ya kiwiko, akausukuma juu taratibu, akauzuia hapo, na wakasimama hivyo wote wawili chini ya bango, hadi nilipowaambia twende, jua ni kali.